Ukimtafuta Mtumwa, Anza kwa Aliyemmiliki

(Hotuba mbele ya wazee na vijana, Kisauni, Mombasa)

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mashekhe, makasisi, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka: salamu aleikum, na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kumtafuta babu au nyanya aliyekuwa mtumwa. Nilipoulizwa tufanyie wapi, nikasema Kisauni. Nyote mnapita Kengeleni. Makanga wa matatu analitaja jina hilo siku nzima, na abiria hata hawageuzi shingo. Kengele yenyewe iko pale pale, nayo haikuwekwa iwe pambo. Iliwekwa kuwaonya watu waliokuwa wameachwa huru kwamba hatari inakuja, watu ambao hawakuwa na hakika kama uhuru wao ungefika asubuhi.

Mnaijua kwa ufupi habari yenyewe. Sir Bartle Frere alikuja Unguja mwaka 1873 kumkaba Sultani Barghash kwa niaba ya serikali ya Uingereza, na tarehe 5 Juni mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na biashara ya kuwasafirisha baharini ikapigwa marufuku. Wamisionari wa Church Missionary Society wakanunua ardhi huku ng'ambo ya kisiwa, wakaiita kwa jina la Frere, na kuanzia mwaka 1875 manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa zikawa zinashusha watu hapa. Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo. Wajukuu na vitukuu vyao wamo humu ukumbini. Wengine wanajijua. Wengine wameambiwa nyumbani kwamba ukoo wao wote ulitoka Yemen, mpaka mpishi.

Sikuja kumvua mtu nguo. Nimekuja kusema jambo moja, nalo ni hili: mtumwa hana makaratasi yake. Hakuandika, na aliyeandika juu yake hakuwa akimwandikia yeye. Makaratasi yote tuliyonayo yaliandikwa na mtu aliyekuwa na haja yake: mwenye mali alitaka haki yake ya mali, nahodha wa manowari alitaka malipo, mmisionari alitaka roho, karani wa serikali alitaka kufunga faili. Kwa hiyo ukienda kwenye nyaraka ukatafuta jina la babu yako, utarudi mikono mitupu, na utasema hakuna kitu. Kitu kipo. Kimewekwa chini ya jina la mtu mwingine.

Lakini kabla ya nyaraka kuna nyumbani, na nyumbani ndiko kugumu zaidi.

Watu wengi huanza na swali baya. Wanamwendea shangazi wa miaka themanini wakamwuliza, "Shangazi, ati sisi ni watumwa?" Shangazi atakaa kimya, au atakufukuza, na hapo umeshaifunga nyumba nzima. Aibu hii si ya kuchezea. Watu wamenyimwa wachumba kwa ajili yake, na maneno ya "huyu asili yake nini" bado yanasemwa wakati wa posa, sote tunajua. Muulize mambo mengine. Nyanya yenu alikaa shamba la nani? Alipokufa, nani waliosimamia mazishi? Mlipokuwa watoto, Idd mlikuwa mkipeleka chakula nyumba zipi? Alipokasirika alitukana kwa lugha gani? Alihesabu kwa lugha gani? Alikuwa na chale usoni? Alikuwa na tundu la mdomo?

Hili la Idd silisemi kutoka vitabuni. Kwetu, kila Idd sinia la chakula lilikuwa likitoka nyumbani kwenda nyumba moja ya Mji wa Kale. Nyanya yangu alilifunika kwa kawa yeye mwenyewe, akampa mtoto mkubwa alibebe kichwani. Hatukuwa na undugu na watu wale. Hatukuoana nao. Sinia likirudi, halikurudi tupu. Ndani mlikuwa na kipande cha kanga au senti kidogo. Tulipouliza tuliambiwa, "Hao ni watu wetu." Watu wetu kwa vipi? Kimya. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba lile sinia lilikuwa linafuata njia ambayo mama yake nyanya aliipita akiwa kijakazi.

Nikaenda kwenye ile nyumba. Mzee wa pale, mjukuu wa aliyekuwa bwana, alinipokea vizuri sana, akaniletea kahawa na halua, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wakili wako umemwacha wapi?" Alidhani nimekuja kudai kiwanja. Ilinichukua muda kumtuliza. Alipotulia akatoa kasha, na ndani ya kasha mlikuwa na hati ya wakf kwa Kiarabu. Babu yake alikuwa ameacha kipande cha ardhi kwa manufaa ya watu aliowaacha huru na vizazi vyao, na akawataja mmoja mmoja. Mama yake nyanya yangu alikuwamo. Jina moja tu, na kabila aliloandikiwa, basi. Jina lenyewe sitalitaja hapa, kwa sababu nina binamu ambao hawajaridhia, na kimya chao nakiheshimu.

Nimesema niliipata kwa bwana. Sikuipata serikalini, na kwetu haikuwapo hata karatasi moja. Ndiyo maana nasema anzeni kwa aliyemmiliki. Familia za mabwana zilihifadhi karatasi kwa sababu zilikuwa na mali ya kulinda. Na msidhani watu hao wako mbali. Pwani hii mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa wanaswali safu moja, wanashabikia timu moja, na mara nyingine ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Nendeni kwa adabu. Semeni mapema kwamba hamdai kitu. Na mkionyeshwa hati, msikimbilie kuipiga picha. Someni kwanza pamoja nao. Kama ni Kiarabu au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mtafuteni mwalimu wa chuo mwenye macho mazuri. Walimu wetu wa chuo wana elimu ambayo vyuo vikuu vingi vingeilipia.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtumwa alipofika pwani alibandikwa jina. Feruzi, Almasi, Mabruki, Baraka, Farjallah, Songoro, Uledi. Majina ya vito, ya heri, ya bahati njema, wamepewa watu ambao bahati iliwakimbia. Ukikuta orodha ya wapagazi au mabaharia wa zama zile, Mabruki wamejaa tele, na huwezi kumjua wako ni yupi. Na jina la pili ni mtego mkubwa zaidi. Ukiona "Feruzi bin Salim" usifanye haraka kusema baba yake aliitwa Salim. Yawezekana Salim ndiye aliyemnunua. Mtu akiachwa huru, mara nyingi alibaki chini ya jina la bwana wake, na vizazi viwili baadaye wajukuu wanasema kwa moyo mweupe kabisa, "Babu yetu alikuwa mwana wa Salim." Hawasemi uongo. Wamerithi jina, na jina limewapeleka njia isiyo yao. Kwa hiyo nasaba yoyote ya pwani inayopita kati ya miaka ya 1870 na 1910 iangalieni mara mbili.

Upande wa misheni ilikuwa hivyo hivyo kwa sura nyingine. Hapa Mombasa aliishi mzee mmoja, akafa mwaka 1935, aliyeitwa Matthew Wellington. Kwao Uyao aliitwa Chengwimbe. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa na manowari, akapelekwa India kusoma shule ya misheni huko Nashik, akarudi Afrika, na akawa miongoni mwa wale waliobeba maiti ya msafiri David Livingstone hadi pwani mwaka 1873 na kuingia 1874. Sasa mfikirie mtu wa ukoo wake kule Uyao, karne nzima baadaye, anatafuta Chengwimbe. Atamfikiaje Wellington? Tunajua kwamba ni mtu mmoja kwa sababu yeye mwenyewe aliishi miaka mingi, akasema, na watu wakaandika aliyoyasema. Wenzake wengi waliingia kaburini na jina jipya tu.

Nifike kwa masuria, vijakazi waliowekwa na mabwana zao kama wake, na hapa naomba radhi kwa mashekhe kama nitateleza. Suria aliyezaa na bwana wake, na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo kwa sheria ni huru, ni mwana wa baba yake sawa na ndugu zake, na anarithi. Ni sheria iliyowapa wengi heshima. Lakini kwa mtafutaji ina matokeo yake: mtoto ameingia kwenye mti wa ukoo kupitia kwa baba, na mama hakuandikwa. Utakuta ukoo umeandikwa hadi Oman au Hadhramaut, mababa kumi na watano mfululizo, na upande wa mama pako patupu. Pale patupu palikuwa na mtu. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha walizaliwa na masuria. Majid, Barghash, na Khalifa, waliotawala Unguja, mama zao walikuwa masuria. Kwa hiyo yule anayeona haya kumtaja nyanya aliyenunuliwa, ajue yuko pamoja na nyumba ya kifalme.

Baada ya kumjua bwana, au hata kumkisia tu, ndipo mwende kwenye nyaraka. Nitaeleza zile zinazotuhusu sisi zaidi, nyingine nitazipitia mbio.

Kenya, hadhi ya utumwa iliondolewa kwa sheria mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja. Serikali ikasema mwenye mtumwa aliyepata hasara alete maombi alipwe fidia. Aliyelipwa ni bwana, si mtumwa, kumbukeni hilo mnapozisoma karatasi zile. Bwana akaja ofisini akataja watu wake ili alipwe. Ndiyo maana katika maombi yale, yaliyohifadhiwa kati ya kumbukumbu za Mkoa wa Pwani, mtafutaji hupata majina ambayo hayako kwingine kokote. Lakini pima vizuri. Bwana ambaye hakuomba, watu wake hawamo. Waliotoroka zamani hawamo. Na bwana aliyetaka kulipwa zaidi hakuwa na sababu ya kusahau mtu, bali alikuwa na sababu ya kuongeza. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za Pwani, kila mwenye shamba akatakiwa alete madai yake na mashahidi. Faili za madai yale ni hazina, hasa Malindi na Mombasa, kwa sababu ndani yake watu wanabishana: nani alilima wapi, kwa ruhusa ya nani, tangu lini. Watu walioachwa huru wakatajwa humo kama mashahidi, au kama wavamizi. Wengi wao walipoteza mashamba waliyoyalima maisha yao yote. Nikisikia maneno ya maskwota wa Pwani leo, nawaona mle ndani ya mafaili.

Unguja na Pemba amri ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed. Haikumwacha mtu huru kwa siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuomba, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909. Kwa mtafutaji, ugumu ule wa kwenda mahakamani ni neema, maana uliacha maandishi. Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja, na wahudumu wake ni watu wa msaada. Tanganyika ya Wajerumani, ofisi za wilaya zilitoa barua za uhuru, na kila aliyezaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 akahesabiwa huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kabisa mpaka Waingereza walipopitisha sheria mwaka 1922. Kwa hiyo mkisikia mtu ana babu aliyezaliwa mtumwa na alikufa juzi juzi miaka ya 1980, hesabu inakubali.

Wako ambao hawakungoja sheria. Watoro walijenga vijiji vyao nyuma ya pwani, Fuladoyo na Makongeni, na wengi walikimbilia Rabai kwa wamisionari. Mabwana wakaja juu, wakataka kuichoma misheni. Bwana George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza akaamua kuwalipa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Kwa wenye asili ya Rabai, mahali pa kuanzia ni hapo. Mwulizeni mzee yeyote wa Rabai kama kwao kulikuwa na karatasi ya zamani iliyokunjwa ikawekwa ndani ya msahafu au Biblia. Msicheke, nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na mara zote karatasi ililiwa na mchwa.

Sasa bahari. Vijana wanapenda sana habari za manowari, na mitandaoni utakuta watu wanazisifu. Ninachowaomba ni mzisome zile ripoti zao. Zimo London, katika kumbukumbu za wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, na nyingine zilichapishwa na bunge lao. Jahazi limekamatwa mahali fulani, lina watu kadhaa, wanaume idadi hii, wanawake hii, watoto hii. Idadi imeandikwa vizuri sana na majina hayapo. Kwa nini? Kwa sababu mabaharia walilipwa kwa kichwa, paundi 5 kwa kila mtu waliyemwokoa. Hazina ilitaka idadi. Jina halikuwa na bei.

Kwa hiyo manowari itakupa tarehe na mahali, haitakupa mtu. Mtu utampata pale aliposhushwa. Wengine walishushwa hapa. Wengine Unguja, wakapelekwa Mbweni kwa misheni ya Waanglikana ambao kanisa lao la Mkunazini lilianza kujengwa penye soko lenyewe la watumwa, Krismasi ya mwaka 1873. Wengine walipelekwa kwa mapadri wa Bagamoyo, waliofika mwaka 1868. Zaidi ya 2,000 walishushwa Ushelisheli. Na mia kadhaa, wengi wao Wamakua, walichukuliwa kutoka Unguja hadi Durban kuanzia mwaka 1873, wakafanywa vibarua. Wajukuu wao wako Durban hadi leo, wanaitwa Wazanzibari, na serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha ikawapeleka Chatsworth. Mtu wa Mombasa asiyempata nduguye hapa ajue kwamba jahazi moja liliweza kugawanya ndugu wawili, mmoja akazeeka Kisauni na mwingine akazeeka Natal.

Na wako waliovuka wasikamatwe. Ghuba yote, kutoka Muscat hadi Bahrain, ilipokea watu wetu, wengi wakawa wapiga mbizi wa lulu. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1940, waliotoroka mabwana wakafika kwenye ofisi za Waingereza za Sharjah, Bahrain, Muscat na Bushire walihojiwa, na maelezo yao yakaandikwa. Naitwa fulani, baba yangu fulani, nilizaliwa mahali fulani, nilichukuliwa nikiwa na umri huu, nikauzwa kwa fulani. Hizo ni karatasi adimu, maana mtumwa anasema mwenyewe, ingawa anasema kupitia mkalimani na karani. Nyingi zimewekwa kwenye intaneti na maktaba ya taifa ya Qatar pamoja na ile ya Uingereza, bila malipo. Mtu mwenye simu anaweza kuzisoma akiwa amekaa barazani Bondeni. Baadhi ya waliohojiwa walisema walizaliwa Unguja.

Vitabu vya misheni. Hapa Waislamu wenzangu wasiondoke, maana wapo Waislamu wengi ambao babu yao alipita misheni akatoka. Kitabu cha ubatizo kitakupa jina jipya, mwaka, umri wa kukisia, na kabila. Waulizeni parokiani kwanza. Barua na ripoti za wamisionari ziko ng'ambo: za Church Missionary Society ziko Birmingham, za wale wa Mbweni ziko Oxford, na za mapadri wa Bagamoyo ziko Chevilly karibu na Paris. Mnaweza kuwaandikia barua pepe. Huwa wanajibu, hasa ukitaja mwaka na mahali badala ya kusema tu "natafuta asili yangu".

Lakini hilo kabila lililoandikwa kitabuni msiliamini kwa pupa. "Mnyasa" katika vitabu vile ni mtu yeyote aliyetoka upande wa ziwa. "Myao" mara nyingine ni mtu aliyeletwa na msafara wa Wayao, na Wayao wenyewe walikuwa wakamataji na wakamatwaji pia. "Mmanyema" ni nusu ya Kongo. Karani aliuliza, mtoto akajibu alichoweza, mkalimani akafupisha. Ndiyo maana nimewaambia muulize habari za uso na mdomo. Mwanamke mwenye tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, kwenye mdomo wa juu alitoka ukanda unaoanzia Ruvuma ukashuka hadi bonde la Shire. Wamakonde walivaa, Wamakua walivaa, na Livingstone aliwaona Wamang'anja wakivaa. Haikupi kijiji, lakini inafuta nusu ya ramani. Chale nazo ziliandikwa sana na wasafiri, kwa michoro, kabila baada ya kabila. Mkiwa na picha moja ya zamani ya nyanya ambayo uso unaonekana, msiitengeneze kwa kompyuta ili ngozi iwe laini. Nimeona kijana amefanya hivyo, akafuta chale zote tatu za shavuni, na picha ya asili ikatupwa.

Tarehe nazo wazee hawazisemi kwa namba. Watasema alikuja kabla ya kimbunga kikubwa cha Unguja, kile cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu. Watasema aliolewa wakati wa njaa kubwa ya 1884, au alijifungua mwaka wa vita vya Mbaruk Mazrui na Waingereza, 1895 na 1896, au siku jumba la mfalme lilipopigwa mizinga Unguja, Agosti 1896. Andikeni kama walivyosema, namba mtaziweka wenyewe baadaye. Ile njaa ya 1884 ina jambo lake jingine: Wamijikenda wengi waliweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani wapate nafaka, na rehani nyingi hazikukombolewa. Kwa hiyo si kila mtumwa wa Mombasa alitoka Ziwa Nyasa. Wengine walitoka Kaloleni, mwendo wa matatu.

Nimeulizwa kabla sijapanda hapa kuhusu vipimo vya DNA, vile vya kutema mate ndani ya chupa ukapeleka ng'ambo. Vipimeni mkiwa na pesa za ziada. Vitakupatia binamu, na hilo ni kubwa. Hasa wale wa upande wa bwana ambao hawakujua kwamba mpo. Kukutajia kijiji, hapana. Watu wa kusini mwa Tanzania, wa Malawi na wa Msumbiji ya kaskazini waliopimwa ni wachache mno, na kampuni inalinganisha mate yako na ya watu ilio nao kwenye kumbukumbu zake tu.

Kuna mahali njia inakatika kwa karibu sisi sote, nako ni Kilwa Kivinje, bandari ya kusini mwa Tanzania. Hesabu za forodha zinaonyesha kwamba katika miaka mitano kuanzia 1862 watu zaidi ya 90,000 walipitishwa pale, wengi wao wakienda Unguja. Nyuma ya Kilwa hakuna forodha, hakuna karani. Ni mwendo wa miguu wa wiki nyingi, na mtu aliuzwa mara mbili au tatu njiani, kila mahali akibadilisha mikono. Wapo waliosimulia mwendo huo wote. Petro Kilekwa, mtoto wa Wabisa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, alivuka mpaka bahari ya Uarabuni ndipo manowari ikalikamata jahazi lake. Akasoma Kiungani, Unguja, akawa kasisi, akarudi Nyasaland. Alikuwa na umri wa kukumbuka jina la kwao. Aliyechukuliwa akiwa na miaka minne au mitano alikumbuka mto, au jina la mama, au wimbo.

Kwa hiyo ukifika Kilwa ukakwama, umefika mbali. Usimalizie kwa kubuni. Nimeona familia zimekodi basi zikaenda kusini, mzee mmoja wa kijiji akawaambia "ndiyo, ni wetu," wakachinja mbuzi na kulia. Sitawacheka, mbuzi aliliwa kwa moyo safi. Lakini wameandika kwenye mti wa ukoo jina la kijiji kana kwamba wamelisoma mahali, na mjukuu wao atakayekuja kutafuta kesho atafungiwa mlango na jina hilo. Andikeni mlichokiona, na aliyewaambia, na siku aliyowaambia.

Mimi mama yake nyanya yangu nimemfikisha Malindi kwenye shamba la mtama, na kabla ya Malindi nina neno moja tu la kwenye hati, "Mnyasa", na kabla ya hapo nina wimbo wa kutwangia ambao dada yangu anaujua nusu. Nimeurekodi. Mwalimu mmoja kutoka Lilongwe ameusikiliza, akasema maneno mawili anayatambua na mengine hapana. Nimempelekea mwingine wa Songea.

Mwenyekiti amenionyesha saa yake mara ya pili sasa. Wenye hati walizokuja nazo, mwalimu wa chuo yuko meza ya kushoto, atazisoma hapa hapa, na hakuna atakayeondoka na karatasi ya mtu. Yule mzee wa kofia ya vito amenyoosha mkono tangu nilipotaja faili za ardhi za Malindi. Mpeni kipaza sauti.